Memori Haitoshi

Jumatatu, 10 Julai 1995

Memori haitoshi. Maneno hayo tena, kwa Kiingereza kikavu, katikati ya skrini. Nyuma yangu Sista Imelda amesimama na barua zake za wafadhili wa ng'ambo. Mbele yangu majibu ya maabara yanayongoja kuchapishwa. Mashine haiwezi kubeba vyote viwili kwa pamoja. Nafunga majibu, nafungua barua. Nafunga barua, nafungua majibu. Siku nzima ni kufunga na kufungua.

Sista ndiye msimamizi wa hospitali na haelewi kwa nini. Nimemweleza kwamba memori ni meza na diski ni kabati. Kabati letu kubwa, meza yetu ndogo. Akasema basi tutafute meza kubwa. Ni mtu mwema, lakini ananichosha.

Barasa wa maabara alikuja jioni na trei yake ya chupa. Anasoma namba na jibu, mimi naingiza. Majina hayajui. Hivyo ndivyo Sista alivyopanga tangu vipimo vya ukimwi vianze: maabara ijue namba, kompyuta ijue majina. Mimi niliapishwa kwa Biblia. Jibu likishaingia sifungui faili la mtu tena, na karatasi ikitoka kwenye printa siisomi. Naikunja ikiwa imepinduliwa, naitia kwenye bahasha, nabandika. Nesi ndiye anayempa mwenyewe.

Kiapo nimekishika. Watu wa hapa wana midomo. Mimi sina.

Jumatano, 12 Julai

Moses amenipa dawa. Tulisoma naye chuo cha kompyuta hapa mjini, sasa ana kibanda cha kupiga chapa nyuma ya soko. Disketi moja, karatasi yake imeandikwa kwa kalamu: MEMORI MARA MBILI. Ameinakili kutoka kwa rafiki, rafiki aliinakili kutoka kwa mtu wa Nairobi. Nilimuuliza kama ni salama. Akasema, "Hii kitu ni moto, Jescah. Usiogope."

Chumba cha kompyuta hakuna anayeingia na viatu. Amri ya Sista, ati vumbi na virusi. Nikavua viatu mlangoni, nikapangusa nyayo kwenye gunia, nikaingia na disketi mfukoni. Programu iliuliza maswali mengi. Nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Sikusoma hata moja, maana Sista alikuwa anaita.

Inafanya kazi! Mashine sasa inahesabu memori maradufu. Kisichohitajika mezani inakipeleka kabatini, na kikiitwa inakirudisha, bila programu yenyewe kujua. Majibu yanadhani yana mashine nzima. Barua zinadhani zina mashine nzima. Kila moja iko ndani ya mashine yake ya kubuni na haina habari ya jirani. Nilimwambia Barasa ni kama mwanamume mwenye wake wawili, kila mke anadhani yuko peke yake. Tulicheka mpaka Sista akagonga ukuta.

Leo pia walikuja Wycliffe na Beatrice kutolewa damu. Wycliffe ni jirani yangu kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, fundi wa baiskeli, chumba chake kinapakana na changu. Beatrice ni mchumba wake, anafundisha watoto wa nasari. Kanisa lao haliozeshi mtu bila karatasi ya kipimo. Harusi ni tarehe tano Agosti. Walikuwa wanataniana kwenye foleni, mmoja anasukuma mwenzake. Niliwaonea wivu kidogo. Naandika ukweli.

Ijumaa, 14 Julai

Siku nzuri kuliko zote tangu mashine ifike. Mvua ya mawe alasiri, radi juu ya paa, na stima haikupotea. Barua za Sista dirisha moja la skrini, majibu dirisha la pili, vyote vikichapishwa kwa zamu. Diski inakwaruza ndani kwa ndani lakini kazi inatoka. Bahasha zote zimebandikwa kabla ya giza. Sista aliniambia asante. Hajawahi.

Nilikula ingokho, kuku wa kienyeji, kwa shangazi. Nimeshiba.

Jumatatu, 17 Julai

Wycliffe ana ukimwi.

Sikusoma karatasi. Beatrice mwenyewe ndiye aliyekuja chumbani kwangu akaniambia, macho yamevimba. Yake ni safi. Ya Wycliffe siyo. Wamezisoma pamoja pale kwa nesi. Alikaa kitandani kwangu akisema maneno yale yale, kwamba Mungu amemuokoa, Mungu amemuokoa. Nilimpikia chai hakuinywa. Baadaye aliniambia atarudisha shuka na sufuria alizonunuliwa na Wycliffe, maana hawezi kukaa nazo.

Baiskeli za watu zimelala nje ya mlango wa Wycliffe, magurudumu yametolewa. Hakufungua siku nzima. Jioni aliniita kutoka dirishani, nusu ya uso tu.

"Dada Jescah, hiyo kitu inaweza kosea?"

"Kompyuta haikoseangi, Wycliffe. Ni watu ndio hukosea."

Nilisema kwa upole. Nilitaka asijidanganye na matumaini ya bure. Akafunga dirisha.

Alhamisi, 20 Julai

Mama mwenye ploti amemwambia Wycliffe asitumie kikombe cha bombani, aje na chake. Wanawake wameondoa nguo zao kwenye kamba aliyoanika shati. Hakuna aliyewaambia. Hapa hakuna haja ya kuambiwa. Mchumba akirudisha sufuria, kila mtu anajua kusoma.

Nilimpelekea obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda. Aliipokea. Asubuhi nilikuta sahani mlangoni imefunikwa vile vile.

Jumapili, 23 Julai

Nilikwenda kanisani kwao kwa sababu Beatrice aliniomba nikae karibu naye. Sitarudi.

Mchungaji alisema tangazo la ndoa ile limeondolewa na washirika waelewe wenyewe. Kisha akamwita Beatrice mbele atoe ushuhuda. Alisimama na nguo yake ya buluu, akaanza polepole, halafu sauti ikapanda. Alisema Mungu alitumia kompyuta ya hospitali kumtoa katika mdomo wa simba. Watu walisema haleluya, akina mama walimkumbatia. Mimi pia nilipiga makofi. Nilijisikia mtu wa maana, naona aibu kuandika.

Niliporudi Wycliffe hayupo. Amekwenda kwa mjomba wake kule Mautuma, kwenye shamba la mahindi. Spana zake zote amemwachia kijana wa jirani bure, hata ile kubwa aliyokuwa analala nayo chini ya mto. Amemwambia mama mwenye ploti hatasumbua mtu muda mrefu. Mama ananisimulia huku akichambua maharagwe. Nilitaka kumtupia yale maharagwe usoni.

Fundi hagawi spana zake. Naogopa.

Jumanne, 25 Julai

Sista amefoka. Barua za Ijumaa ile zimeleta aibu. Kabla ya kuzituma alizisoma upya, akakuta mfadhili aliyetupa shuka anashukuriwa kwa darubini, na aliyetupa darubini anashukuriwa kwa magodoro. Majina juu ni sahihi, anwani ni sahihi. Maneno ndani ni ya mtu aliyetangulia. Alinitupia zote mezani akaniuliza kama naandika nikisinzia.

Nilifungua barua zile kwenye skrini. Ziko sawa. Kila jina na shukrani zake. Zilizotoka kwenye printa ndizo mbovu.

Mwanzoni nilicheka, kwa sababu padre mmoja mzee anashukuriwa kwa nepi za watoto. Halafu kicheko kikakatika. Majibu yalichapishwa saa ile ile, kwa printa ile ile.

Sikula mchana.

Jumatano, 26 Julai

Nimefanya jaribio. Niliwaingiza mitume kana kwamba ni wagonjwa. Petro ana ukimwi. Andrea hana. Yakobo hana. Yohana ana. Kwanza nilichapisha majibu yao, barua zikiwa zimefungwa. Zote sahihi. Kisha nikafungua barua za Sista dirisha la pili, nikachapisha tena.

Petro, mahali pa jibu peupe. Andrea ana. Yakobo hana. Yohana hana.

Nikarudia. Vile vile. Jina linakuja jipya, jibu linabaki la aliyetangulia. Programu ya Moses inapeleka kabatini kilicho mezani, kikiitwa inarudisha cha zamani, na printa inachapisha inachopewa. Hakuna kengele. Hakuna neno kwenye skrini. Haiongezi memori yoyote. Inadanganya tu kwa idadi, halafu inachanganya vitu vya watu.

Nimeiondoa. Disketi nimeivunja kwa mguu wa kiti. Ni mimi niliyeiingiza. Si radi, si shetani, si Moses. Ni mimi niliyebonyeza ndiyo.

Faili la Wycliffe sijalifungua. Niliapa. Mkono ulikuwa juu ya Biblia, najua hata ukurasa ulikuwa umefunguliwa wapi. Namba yake iko kichwani mwangu na vidole vinawasha.

Alhamisi, 27 Julai

Nimemwambia Sista kila kitu. Alivua miwani akakaa. Kwa mara ya kwanza nimeona ni mwanamke mzee. Alinitazama miguu yangu mitupu, akatazama mashine. Kisha akasema nisiguse faili lolote mpaka daktari mkuu arudi kutoka Kisumu, na kiapo ni kiapo, na tusali.

Tulisali. Nilisema amina. Moyoni nilikuwa namwona mtu kwenye ghala la mahindi na dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye rafu.

Barasa ameniepuka. Alipita na trei akiangalia ukuta. Baadaye alirudi akasimama mlangoni, akasema chupa za damu za wiki ile zilishamwagwa, hakuna cha kupima upya. Kisha akasema kama ni yeye angefungua faili.

Ijumaa, 28 Julai

Nimefungua.

Wycliffe: hana.

Nilipiga meza kwa ngumi mpaka printa ikaruka. Nililia. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, peke yangu mle ndani kama mwendawazimu. Hana! Nilikuwa nimeshika mkoba tayari kutoka.

Ndipo nikakumbuka mitume. Jibu linabaki la aliyetangulia. Kama Wycliffe hana, lile neno lililokuwa kwenye karatasi yake ni la nani. Nilisimama na mkoba begani. Sikutaka kujua. Nilijua tayari, ndiyo maana sikutaka.

Nilirudi nyuma faili moja.

Beatrice: ana.

Nimezima mashine kwa swichi ya ukutani. Nimekaa sakafuni. Ushuhuda wake unanilia masikioni. Yule aliyekuwa mbele yake kwenye foleni ndiye mwenye jibu lililomfanya asimame na nguo ya buluu. Mimi nilipiga makofi.

Namchukia Moses. Namchukia Sista na barua zake. Hapana. Najichukia mwenyewe, nao nawatafutia tu sababu.

Jumamosi, 29 Julai

Mautuma. Sikumuaga Sista. Nilifika jua likiwa kali, nikaelekezwa kwa mjomba, nyumba ya zamani ya mzungu yenye bomba la moshi lililobomoka, mahindi pande zote mpaka macho yanapoishia. Mjomba alinipokea vizuri. Aliponong'ona ni kuniambia kwamba dawa ya ng'ombe ameihamishia kwa jirani, na kamba pia, na kwamba kijana hali chakula.

Wycliffe alikuwa nyuma ya ghala, amekaa juu ya gunia, anapukuchua mahindi bila kutazama vidole. Amekonda. Nilimweleza yote bila kupumua: disketi, dirisha la pili, barua za shuka na darubini zilizobeba maneno ya aliyetangulia. Kwamba karatasi yake ilikuwa ya uongo. Kwamba nimeona kwa macho yangu na yeye hana. Kwamba aje Jumatatu Barasa ampime upya mbele yake.

Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani labda atanipiga, na ningemwachia. Aliendelea kupukuchua.

"Na Beatrice?"

Nimeshavunja kiapo mara mbili na mara ya tatu ilinishinda. Nilitazama ng'ombe. Nilitazama viatu vyangu. Kila nilipotaka kusema sijui, mdomo haukufunguka, kwa sababu ningekuwa namdanganya tena, na mara hii ningekuwa najua.

Akaacha kupukuchua.

"Mimi ndiye nilimwambia atangulie," alisema. "Alikuwa anaogopa sindano."

Kisha akaniomba niende. Mjomba alinisindikiza hadi barabarani na debe la mahindi mabichi ambalo sikustahili. Nimelileta. Liko pale kwenye kona.

Jumatatu, 31 Julai

Wycliffe alikuja asubuhi na mapema. Barasa amempima mara mbili, kwa mikono yake, akaandika kwa kalamu jina kamili na namba kwenye karatasi moja. Jibu mchana, kwa sababu Barasa hakufanya kazi nyingine yoyote. Hana.

Aliichukua akaikunja akaitia mfukoni. Nilitegemea ataipitisha kwenye ploti, amwonyeshe mama wa kikombe, amwonyeshe mchungaji. Ningekuwa mimi ningeibandika kwenye mti. Aliingia chumbani kwake akafagia, akamwendea kijana akaomba spana ndogo tu, akakaa nje akaanza na baiskeli za watu. Mama mwenye ploti alipomsalimia kwa kumchungulia, alijibu salamu, basi. Hakuna aliyejua kitu.

Sista amejua nilikwenda Mautuma. Alisema amesikitika. Hakusema kuhusu nini.

Jumatano, 2 Agosti

Daktari mkuu amerudi. Amri imetoka: wote waliochukua bahasha za siku zile warudi kupimwa. Kimya kimya, nesi aende nyumba kwa nyumba. Wengine wamekuja. Wengine wamehama. Mama mmoja alimpokea nesi kwa jiwe.

Beatrice amekataa. Alimwambia nesi anayo karatasi yake, ya kompyuta, yenye mhuri, na hizi za sasa zinaandikwa kwa kalamu na mtu. Mchungaji naye amesema hospitali inatumiwa kuharibu ushuhuda, na kwamba Wycliffe amewahonga watu wa maabara. Nilisimama nyuma ya nesi pale uani kwao nikijaribu kusema ni kosa langu, Beatrice. Aliniangalia kwa huruma. Aliniambia, "Dada, wewe mwenyewe ulisema haikoseangi." Aliambiwa na Wycliffe siku zile, bila shaka.

Nimemwomba Sista anifukuze kazi. Amekataa. Amesema nitakaa hapa nione kila mtu akiingia kwa mlango ule. Ni adhabu na anajua ni adhabu. Ana haki.

Alhamisi, 3 Agosti

Wycliffe ameonekana akienda kwa akina Beatrice kwa miguu. Mama mwenye ploti anasema ndugu zake Beatrice walimfukuza getini na akakaa chini pale pale njiani. Anasema ilinyesha na hakuinuka. Anasema mwishowe Beatrice alitoka na mwavuli kumwambia aondoke, na walizungumza muda mrefu. Hakuna aliyesikia waliyosema. Hata mama mwenye ploti hakusikia, na hilo linamuuma.

Mimi sijamuuliza. Anatengeneza baiskeli.

Jumamosi, 5 Agosti

Nusu siku ya kazi. Kompyuta imefunikwa kitambaa, haifanyi lolote mpaka fundi aje kutoka Nairobi. Naandika kwa mkono. Mkono unaniuma kwa sababu nimesahau kuandika.

Mvua ilipopungua Beatrice aliingia. Sweta ya kijivu, kitambaa kichwani. Peke yake. Hakuniangalia, na sikujitia mbele yake. Nilimwandikia jina na namba. Nilimuuliza tahajia ya jina la baba, akaitaja herufi moja moja. Barasa alimtoa damu. Aligeuza uso ukutani sindano ilipoingia. Nesi alimwambia jibu ni Jumatatu. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayejua.

Nilikwenda kufungua dirisha. Wycliffe alikuwa nje chini ya upenu, na baiskeli. Hakuingia. Hakuonekana mwenye hasira wala mwenye furaha, alikuwa amesimama tu. Beatrice alipotoka hawakushikana mikono. Wycliffe alikuwa amekunja gunia kavu akaliweka kwenye keria ili asikalie maji. Beatrice akakaa, akashika nguo yake isiingie kwenye spoki, nao wakateremka polepole kuelekea barabarani.